Kifaa cha kutafutia watu kwenye theluji kikanipeleka kwa baba mkwe

Jamani baba mkwe wangu ni Mswisi wa Davos, mtu wa milimani haswaa, akasema mkwe wake lazima aijue theluji. Mimi mtoto wa Tanga, theluji naijua ya kwenye friza.

Jana yake saa 11 jioni ilitoka taarifa ya maporomoko ya theluji, hatari namba 3 kati ya 5, nikasema afadhali, si iko katikati? Mzee akaniangalia weee. Namba 3 ndo inaongoza kwa kuua, maana ikifika 5 watu wote wanakaa ndani.

Asubuhi tukapanda, yeye, wife na mimi. Kabla ya mteremko mkali mzee akachimba shimo kupima kama theluji itaporomoka, akakata kipande cha theluji kikasimama peke yake, akaweka koleo juu akaanza kuligonga, mara 10 kwa kiganja tu, halafu 10 zingine kwa mkono kuanzia kwenye kiwiko, zikibaki ni za kuanzia begani. Hatukufika begani. Kipande cha juu kikateleza fyuu chote, kumbe upepo wa usiku umeshindilia theluji ngumu juu ya theluji ya chini ambayo ni chembechembe kama sukari, haishikani kabisa. Mzee akasema basi, panapozidi digrii 30 leo hatukanyagi, turudi tambarare tukafanye mazoezi.

Wife akafukia begi lenye kifaa kinachotuma mawimbi, ndo kile kila mtu anavaa ili akifukiwa atafutwe, mimi changu nikakiweka kwenye kutafuta. Kinalia ti ti ti, kinakuonyesha mshale na mita. Sasa huo mshale haukupeleki moja kwa moja, unafuata mawimbi yanavyojikunja, so ulipoanza kupinda kuelekea kwenye miti wala sikushangaa, naenda tu huku natangaza kwa sauti, 22! 15! 9! Wife nyuma anapiga kelele sijui anasema nini, na mimi kofia hii imeziba masikio.

Kumbe mzee kaenda kuchimba dawa, na chake bado kinatuma.

Ikifika 3 unatakiwa upige magoti, ushushe kifaa karibu na theluji, uende taratibu. Nikatambaa, uso chini. 2.4. 1.9. Nikaona buti mbili za skii, na katikati theluji inageuka njano.

Mkwe jamani! Kwetu hata kula naye sinia moja unajifikiria mara mbili. Neno lililonitoka ni moja tu, "Shikamoo."

Na yeye Kiswahili alichobaki nacho tangu harusini Tanga ndo hicho hicho. "Marahaba," akaitika, tena vizuri tu. Halafu hata zipu hajafunga akaniuliza kwa Kijerumani nimeishia ngapi, nikamwambia 1.4, akasema bado, nishuke zaidi mpaka namba igome kupungua.

Wife akatukuta akakaa chini kwa kucheka. Alipopata pumzi akaangalia saa, dakika 10 zimeshapita, na aliyefukiwa ikishafika hapo nafasi ya kupona inashuka vibaya sana, so begi tukalihesabu marehemu. Na chapati zetu za mchana zilikuwa humo humo.