Turufu ya Mtemi na saini 1,500 za Liechtenstein

Kila Liechtenstein inapotajwa kwenye mijadala ya utawala barani Ulaya, jambo la kwanza kusemwa ni kwamba huko mtawala wa kurithi, Mtemi, ana turufu: anaweza kuizuia sheria iliyopitishwa na bunge, hata ile iliyopigiwa kura na wananchi wenyewe. Ni kweli. Ibara ya 9 ya katiba inataka kila sheria ipate ridhaa ya Mtemi, na ibara ya 65 inaongeza kwamba miezi sita ikipita bila ridhaa hiyo, sheria imekataliwa. Wachambuzi wengi huishia hapo, wakaipachika nchi jina la masalio ya ukabaila, wakahamia kwingine. Hawafiki ibara ya 113, na bila ibara hiyo mambo ya nchi hii husomwa kichwa chini miguu juu.

Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 160, kama sehemu moja ya kumi ya kisiwa cha Unguja, na watu karibu 40,000. Magharibi kuna mto Rhine na Uswisi, mashariki kuna milima na Austria. Haina bahari na majirani zake wote wawili hawana bahari, hali ambayo nje ya hapo inaipata Uzbekistan peke yake. Jeshi lilivunjwa mwaka 1868. Forodha inaendeshwa pamoja na Uswisi kwa mkataba wa mwaka 1923, na sarafu ni faranga ya Uswisi. Dola ambayo imekwisha kuwakabidhi majirani mambo mengi hivyo, inapogombania nani awe na neno la mwisho, inagombania kile kichache kilichobaki. Ndiyo maana ugomvi wao wa katiba huwa mkali kuliko ukubwa wa nchi.

Ugomvi mkubwa ulimalizwa, au tuseme ulifungwa, tarehe 16 Machi 2003. Mtemi Hans-Adam II alikuwa amevutana na wanasiasa kwa zaidi ya miaka kumi, tangu mgogoro wa Oktoba 1992 kuhusu tarehe ya kura ya kujiunga na Eneo la Kiuchumi la Ulaya, soko la pamoja la Umoja wa Ulaya na baadhi ya majirani zake. Akaleta rasimu yake ya marekebisho, akakusanya saini kama raia yeyote, akaipeleka kwa wapiga kura. Tume ya Venice, jopo la wanasheria wa katiba la Baraza la Ulaya, ilikuwa imekwisha kuonya kwamba rasimu hiyo inairudisha nchi nyuma. Asilimia 64.3 wakaikubali.

Kilichoripotiwa nje ni kwamba wananchi wamempa mtawala madaraka zaidi. Kilichoachwa ni alichokitoa. Kabla ya hapo Mtemi alikuwa na mkono katika uteuzi wa watumishi wa serikali, akauachia. Amri zake za dharura zilikuwa hazina kikomo kilichoandikwa. Sasa hufa zenyewe baada ya miezi sita, na haziwezi kuisimamisha katiba nzima. Kila manispaa kati ya zile 11 ikapewa haki ya kujitoa katika nchi kwa kura ya raia wake walio wengi, jambo ambalo mataifa makubwa yanayoihubiria Liechtenstein demokrasia hayathubutu kuliandika popote. Juu ya yote ikaandikwa ibara ya 113, inayowapa raia njia ya kuufuta utemi bila kuhitaji ridhaa ya Mtemi.

Utaratibu wake ni huu. Raia 1,500 wanatia saini pendekezo la kuufuta utemi. Linapigiwa kura nchi nzima. Likishinda, bunge linalazimika kuandika katiba ya jamhuri na kuipeleka kwa wananchi, si kabla ya mwaka mmoja wala si baada ya miwili. Mtemi naye ana haki ya kuleta rasimu yake. Ikiwa rasimu ni moja tu, wingi wa kura unatosha kuipitisha. Zikiwa mbili, katiba iliyopo inarudi kwenye karatasi ya kura kama chaguo la tatu. Kila mpiga kura anachagua mbili kati ya hizo tatu, na mbili zilizoongoza zinashindanishwa siku 14 baadaye.

Saini 1,500 ndilo jambo ambalo mjadala wote ungepaswa kukaa juu yake. Wapiga kura wa nchi hii ni zaidi kidogo ya 20,000, kwa hiyo saini hizo ni kama asilimia saba. Ni idadi ileile inayotakiwa ili kupendekeza badiliko lolote la katiba, liwe la maana au la kijinga. Sheria ya kawaida inahitaji 1,000. Hakuna sharti la mahudhurio. Hakuna sharti la theluthi mbili, wala la kushinda katika manispaa zaidi ya nusu. Sasa linganisha na bunge lenyewe: wabunge 25 wakitaka kubadili hata kifungu kimoja cha katiba, ni lazima wakubaliane wote kwa kauli moja, la sivyo wapate robo tatu katika vikao viwili mfululizo, na bado Mtemi aridhie. Kwa hesabu tu, raia anaweza kuuondoa utemi uliotambuliwa mwaka 1719 kwa vikwazo vichache kuliko mbunge anayetaka kusahihisha aya. Sijui nchi nyingine ya kifalme iliyomwekea mtawala wake mlango mpana namna hiyo wa kutokea.

Na tangu mwaka 2003 hakuna aliyeugusa.

Hapo ndipo turufu inapobadilika maana. Mtawala anayezuia sheria wanayoitaka walio wengi anajua kwamba walio wengi haohao wanaweza kukusanya asilimia saba ndani ya wiki sita, muda unaotolewa kwa ukusanyaji wa saini, na kumweka yeye mwenyewe kwenye sanduku la kura. Turufu ya namna hiyo ina gharama. Pengine ndiyo sababu huonyeshwa zaidi kuliko inavyotupwa mezani: mfano unaotajwa siku zote wa sheria iliyokataliwa kabisa ni wa mwaka 1961, nao ulihusu uwindaji. Mwaka 2024 bunge lilipoipitisha ndoa ya watu wa jinsia moja kwa kura 24 kati ya 25, katika nchi ya Kikatoliki yenye familia ya kitemi ya Kikatoliki, ridhaa ilipatikana na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025.

Wananchi nao wameulizwa moja kwa moja. Tarehe 1 Julai 2012 walipigia kura pendekezo la kiasi: Mtemi abaki na turufu dhidi ya sheria za bunge, ila jambo likipita kwa kura ya wananchi asiweze kulizuia. Asilimia 76.1 wakasema hapana. Anayedai kwamba watu hawa wameporwa sauti ana deni la kueleza kura hiyo, na kusema tu kwamba waliogopa hakulipi deni lote.

Kunalipa sehemu, hata hivyo, na sehemu hiyo si ndogo. Mwaka 2011 kulikuwa na pendekezo la kuacha kuwaadhibu wanawake wanaotoa mimba. Mwezi mmoja kabla ya kura, Mtemi mrithi Alois, ambaye ndiye anayeshika kazi za kila siku tangu Agosti 2004, alitangaza kwamba hataliridhia. Kura ilipopigwa Septemba, pendekezo lilianguka kwa asilimia 52.3. Je, lingeanguka bila tangazo lile? Hakuna kipimo cha kutujibu. Mpiga kura aliyekwisha kuambiwa kwamba kura yake ya ndiyo haitazaa sheria ana sababu nzuri ya kubaki nyumbani. Turufu isiyotupwa haiachi alama kwenye kumbukumbu za bunge, kwa hiyo wanaoitetea kwa kusema imetumika mara chache wanahesabu kitu kisicho sahihi. Hata sheria ya ndoa inaweza kusomwa hivyo: Alois alikuwa ameashiria mapema kwamba hangeipinga, na bila ishara hiyo hatujui kama bunge lingeisukuma.

Hofu nayo ilikuwa na anwani. Kabla ya kura ya 2003 Hans-Adam alisema wazi kwamba akishindwa atahamia Vienna, mji ambako ukoo wake uliishi kwa karne nyingi na ambako bado una makasri. Ni mwaka 1938 tu baba yake, Franz Josef II, alipohamia Vaduz. Ukoo unamiliki benki ya LGT, haulipwi mshahara na hazina ya umma, na jina lake limefungamana na biashara ya fedha ya nchi. Katika nchi yenye idadi ya watu wa tarafa, tishio la kuondoka kwa familia ya aina hiyo si maneno ya jukwaani. Saini pia hazikusanywi gizani: huthibitishwa katika manispaa, ambako karani anajua mtoto wa nani ametia saini.

Kisha kuna ukali wa chaguo lenyewe. Ibara ya 113 inawapa raia yote au hapana. Anayechukia uamuzi mmoja wa Mtemi lakini anaupenda utemi hana silaha ya kati. Ipo kura ya kutokuwa na imani, ibara ya 13ter, nayo pia huanza na saini 1,500. Lakini ikipita, shauri linapelekwa kwa familia yenyewe kuamuliwa kwa sheria ya ukoo, sheria ambayo urithi wake ni wa wanaume peke yao. Familia ikiamua kumbakiza, raia wanarudi palepale kwenye ibara ya 113. Na ile karatasi ya machaguo matatu ina hila ndani yake: Mtemi akileta rasimu yake tu, tayari ameirudisha katiba ya zamani kwenye ushindani, katiba ambayo wananchi walikwisha kupiga kura kuukataa msingi wake mwaka mmoja au miwili nyuma.

Luxembourg, nchi nyingine ndogo isiyo na bahari, ilikwenda njia nyingine kabisa. Desemba 2008 Grand Duke Henri alikataa kuiridhia sheria ya kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa. Ilipofika Machi 2009 bunge lilikuwa limekwisha kubadili katiba: mtawala anatangaza sheria tu, ridhaa yake haihitajiki tena. Suala likaisha kwa miezi michache bila tishio wala kura ya maoni, na wengi wanaliona kuwa mfano wa kuigwa. Ni mfano safi kweli. Lakini safari hiyo wananchi wa Luxembourg hawakuulizwa kama wanataka mtawala wa aina gani, ilhali wa Liechtenstein wameulizwa mara mbili ndani ya miaka kumi na wakajibu kwa wingi mara zote mbili. Nikilazimishwa kupima ni wapi raia wa kawaida ana nguvu zaidi juu ya kiti cha mtawala wake, sitasema Luxembourg.

Nguvu hiyo, hata hivyo, ni ya raia, na si kila aliyepo ni raia. Karibu theluthi moja ya wakazi ni wageni, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi huvuka mpaka kila asubuhi kutoka Uswisi na Austria kuja kwenye viwanda vya Schaan, Eschen na Vaduz, jioni wakarudi kwao. Vibali vya ukaazi kwa watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya ni 72 kwa mwaka, na nusu yake hutolewa kwa bahati nasibu. Mgeni anayetaka uraia kwa njia rahisi husubiri miaka 30, ingawa ile ya kabla ya kutimiza umri wa miaka 20 huhesabiwa mara mbili. Anayetaka kuwahi anapigiwa kura na raia wa manispaa yake. Kasoro hii ya demokrasia inawagusa watu wengi kuliko turufu, na haikuwekwa na Mtemi. Wanawake wenyewe walipata kura ya kitaifa mwaka 1984 tu, baada ya wanaume kuwakatalia mwaka 1971 na tena 1973.

Kama kuna kipande cha madaraka ya Mtemi ambacho hakiwezi kutetewa, basi kipo kwenye ibara ya 96, si ya 9. Majaji huteuliwa kupitia kamati ambayo Mtemi ndiye mwenyekiti, ana kura ya uamuzi zinapolingana, na anaweza kuingiza watu wake kwa idadi ileile ya wajumbe wa bunge. Hakuna jina linalopendekezwa bila yeye kukubali. Bunge likilikataa jina na maelewano yakashindikana kwa wiki nne, linapaswa kuweka mgombea wake na wananchi waamue, lakini nani ataipeleka nchi nzima kwenye sanduku kwa ajili ya hakimu mmoja? Hatari yake imekwisha kuonekana. Mwaka 1995 Herbert Wille, rais wa mahakama ya masuala ya utawala, alisema katika mhadhara kwamba mahakama ya katiba inaweza kuamua mzozo kati ya Mtemi na bunge. Hans-Adam akamwandikia kwamba hatamteua tena kwenye wadhifa wa umma, na mwaka 1997 bunge lilipompendekeza upya, akamkataa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua Oktoba 1999 kwamba uhuru wake wa kujieleza ulivunjwa.

Turufu dhidi ya sheria inaonekana na kila mtu, na wenye hasira wana ibara ya 113. Jaji ambaye hakuteuliwa, au aliyejifunza kunyamaza ili ateuliwe tena, haoni mtu wa kumkusanyia saini 1,500. Na ibara ya 96 haiondoki kwa njia ya ibara ya 113 mpaka utemi wote uondoke nayo. Kuirekebisha peke yake ni badiliko la kawaida la katiba, kwa hiyo linahitaji ridhaa ya mwenyekiti wa kamati ileile.