Gia ya Pili Ina Wenyewe

Juzi jioni mtoto wa jirani kaja getini na debe la mahindi kichwani. Kanisalimia vizuri, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba, nikamuuliza anakwenda wapi na mzigo wote ule magharibi ile. Akasema mama kamtuma kusaga, wamesikia mashine imefunguliwa huku kwetu. Mashine! Mashine yenyewe ni mimi, nilikuwa nakata kona ya msikitini, natoka gia ya tatu kwenda ya pili.

Sikumkasirikia mtoto. Nimkasirikie kwa lipi, wakati hata mimi nikisikia mlio ule nahisi harufu ya dona?

Gari lenyewe ni Land Rover mia na tisa, Series IIA, ya mwaka 1969. Kaniachia mjomba wangu wa Lushoto, bwana shamba mstaafu, alipopata mtoto wa jicho. Watu wa hapa Korogwe wakasema mwalimu kaula. Nami nikaamini, nikachinja jogoo. Ningejua ningemwacha aishi, maana siku hizi kazi yake naifanya mimi: saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima unaamka, mwalimu anatafuta gia.

Ngoja niwaeleze nyie wenye otomatiki, mnaoendesha huku mnamenya machungwa. Ndani ya gia boksi kuna magurudumu ya meno, na kila moja lina mwendo wake. Kubadili gia ni kumkutanisha anayekimbia na mwenzake anayekimbia kwa kasi nyingine. Kwenye magari ya kistaarabu katikati yao kuna ringi za shaba, mafundi wanaziita sinkronaiza, na kazi yake ni ushenga mtupu. Inatangulia ringi, inajisugua kwa upande wa pili, huyu inampunguza kasi, yule inamharakisha, wakishalingana ndiyo meno yanaachiwa yaingiane. Bwana harusi kaingia ndani, hakuna aliyesikia kelele.

Cadillac ya Marekani ilikuwa na mshenga huyo tangu mwaka 1928. Miaka arobaini na moja baadaye, Waingereza wanaunda gari langu, wanaweka mshenga kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili, mtajuana wenyewe. Kisha mwaka 1971 ikatoka Series III, na mshenga kwenye gia zote za mbele. Miaka miwili! Gari langu lingechelewa kuzaliwa miaka miwili tu, leo mtoto wa watu asingetembea na debe bure.

Sasa mimi haya yote nilikuwa siyajui. Nilijua gari bovu. Nikalipeleka kwa fundi kijana anayesifika kwa magari ya Kijapani. Akashusha gia boksi, likakaa wiki tatu juu ya gunia. Siku ya siku akanipigia simu, sauti ya chini kama mtu wa msiba: "Mwalimu, njoo. Kuna mtu kakuibia." Nikafika mbio. Akanionyesha: tazama gia ya tatu, ringi ipo. Ya nne, ipo. Ya pili, hakuna. Ya kwanza, hakuna. "Fundi wa mwisho aliyefungua hapa kaondoka nazo." Akanishauri nifungue kesi. Tukakaa pale tunamlaani mwizi ambaye hajazaliwa, nikalipa na hela ya kufunga, nikaondoka na gari lililolia vilevile mpaka nyumbani.

Nikampigia mjomba. Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Mjomba, hizo hazijawahi kuwemo. Njoo nikufundishe."

Nikapanda Lushoto. Kwa kuwa macho hayako sawa, tukaenda uwanja wa mpira, ambako hata asiyeona hana cha kugonga ila goli. Mzee akaingia na kandambili zake, akawasha, akaondoka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudi ya pili. Kimya. Na wakati wote ananisimulia bei ya kabichi ilivyoporomoka, hata mdomo haukusita.

"Gia ni mlango wa watu," akaniambia. "Klachi ya kwanza, umebisha hodi. Weka fri, achia klachi, subiri. Ukisikia karibu, kanyaga klachi ya pili, ingia. Wewe unaingia kama polisi."

Ndiyo klachi mbili hiyo. Ukiwa unapanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili, unatoa gia, unaachia klachi ukiwa kwenye fri, yaani pasipo na gia yoyote, unangoja injini ipoe mwendo wenyewe, ndiyo unakanyaga tena na kuingiza. Mjomba anangoja kwa kusema "inshallah" polepole. Akimaliza, gia imeiva. Ukiwa unashuka kutoka ya tatu kwenda ya pili ni kinyume: kwenye fri, klachi ikiwa juu, unapiga resi kidogo kuyazindua meno, halafu ndiyo unaingiza. Klachi lazima uiachie pale katikati, la sivyo injini inanguruma peke yake na gia boksi haina habari. Kuna wakati kichwa cha gia kinakutetemekea kiganjani, kinatekenya, halafu ghafla kinatulia kama paka aliyekubali kubebwa. Pale ndipo. Nusu sekunde kabla, krrrr. Nusu sekunde baadaye, krrrr.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sikubali kushindwa na inshallah. Nikatoa daftari. Kwa gia boksi hii, kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa mwendo uleule, injini inatakiwa izunguke kama mara moja na nusu ya ilivyokuwa. Yaani ikiwa inazunguka mara 2,000 kwa dakika, lazima uifikishe karibu 3,000 ndiyo meno yalingane. Safi kabisa, nikapiga mstari chini ya jibu. Nikaingia garini. Dashibodi haina mshale wa mizunguko. Upo wa spidi, nao umelala kwenye 0 tangu nilipokabidhiwa. Hesabu imekubali, gia imekataa.

Na matuta nayo! Kutoka kwangu hadi shuleni yapo saba. Mwenye Toyota IST anafika kwenye tuta anagusa breki, anapita, anaendelea na simu. Mimi kila tuta ni mtihani wa taifa: natoka ya tatu natafuta ya pili, na nikiikosa siwezi kukimbilia ya kwanza, maana hiyo kwa hiari yake huingia gari likiwa limesimama kabisa. Basi nasimama juu ya tuta. Nyuma honi. Pembeni kuna kijiwe cha bodaboda, na kila mmoja pale ni mwalimu wangu. "Kanyaga mpaka chini, mwalimu!" "Usiikanyage sana!" "Rudisha fri!" Kuna mmoja hajawahi kuendesha kitu chenye magurudumu zaidi ya mawili, huyo ndiye ana sauti kuliko wote. Nikifika darasani wanafunzi wameshajua nimefika. Nimeligundua na jina langu, liko kwenye ukuta wa choo: Mwalimu Krrr. Walioliandika wameweka r tatu, hata idadi hawakosei.

Lakini yote hayo ni mepesi. Zito ni la mama mkwe.

Mama watoto aliniagiza nikamchukue mama yake Lushoto aje akae nasi wiki mbili. Land Rover mbele ina viti vitatu, na cha katikati ndicho kinachotazamana na magia: lile kubwa la kubadilishia, na mengine mawili madogo, lenye kichwa chekundu na lenye kichwa cha njano, ambayo kila abiria lazima aulize ya nini. Sasa gia ya pili ya gari hili inaingia kwa kuvuta nyuma kushoto, moja kwa moja kwenye goti la aliyekaa katikati. Mkwe humkalishi pale. Nikamweka dirishani kwa heshima zote, katikati nikaweka gunia la viazi.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kuteremka, kona juu ya kona, mlima upande huu na korongo upande ule. Mteremko kama ule hushuki kwa breki. Unashuka kwa gia ndogo, injini ikushikilie. Nami nimejizatiti. Kona ya kwanza nikabisha hodi, nikapiga resi, nikaingiza. Ikaingia na kikohozi kidogo tu. Mama mkwe akasema, "Unaendesha vizuri, baba." Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Sifa za mkwe ni mafuta ya taa, zinapanda kichwani.

Kona iliyofuata nikachelewa. Nikatoa ya tatu, nikapiga resi ya maringo, nikavuta ya pili. KRRRRRR. Nikavuta tena. KRRRR. Gunia la viazi linatetemeka. Gari liko fri, mteremko unatuita, nalo linaitikia. Mguu wote kwenye breki, na breki za ngoma za mwaka 1969 zinasikiliza kwanza, zinatafakari, ndiyo zinashika. Kulia kwangu korongo. Kushoto kwangu mama mkwe kaanza shahada, kwa sauti ya chini, yenye adabu, kama hataki kunisumbua. Nyuma yangu basi dogo limewasha taa zote.

Likasimama. Nikaingiza ya kwanza gari likiwa limetulia kama mtu mwenye akili. Tukaenda hivyo, mwendo wa kobe, na lile basi nyuma linatusindikiza kwa honi kama bibi harusi, hadi Soni. Pale mama mkwe akafunga vizuri khanga yake, akasema, "Mkwe wangu, nimekumbuka nina jambo hapa Soni. Wewe tangulia."

Hana jambo Soni. Hana hata shangazi Soni. Nilipofika Korogwe nikamkuta yuko sebuleni kwangu anakunywa chai. Kaja na lile basi.

Tangu siku ile nikaapa. Kila Jumapili nimekuwa nakwenda kwa mjomba peke yangu, bila abiria, bila sifa. Nimejifunza kunyamaza na kusikiliza. Nimejifunza hata ule uchawi wake wa mteremkoni, vidole vya mguu kwenye breki na kisigino kwenye mafuta, ambao kwa viatu vya kwenda kazini hauwezekani, ndiyo nikaelewa zile kandambili. Na Jumapili iliyopita, jamani, nilishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, gia zinaingia kama mkono kwenye kanzu. Hakuna aliyeniona. Nilitamani nimkute hata yule bodaboda mwenye sauti.

Nikaingia mtaani saa nne usiku. Kona ya msikitini, ile ya mtoto na debe, nikatoa ya tatu, hodi, resi kidogo, karibu, ya pili. Kimya kabisa. Nilisikia redio ya mwenye duka mpaka maneno. Nikafika getini kama mwali, nikangoja lifunguliwe.

Halikufunguliwa. Kwetu geti linafunguliwa kwa mlio. Mama watoto akisikia kona ya msikitini inasaga, anatoka na ufunguo. Honi ilikufa zamani, simu imezima chaji. Nikashuka, nikagonga bati.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mume wako!"

Kimya kidogo. Nikasikia ananong'ona na mama yake. Kisha akasema kwa ukali, "Kaka, hebu ondoka hapo kabla sijapiga kelele. Mume wangu akija anasikika."

Nikabembeleza. Nikataja majina ya watoto wote na tarehe zao za kuzaliwa. Mama mkwe akasema wezi wa siku hizi wanafanya utafiti.

Sasa ningefanyaje? Nikarudi garini, nikawasha. Nikakanyaga klachi nusu, nikaishika ya kwanza, nikaisukuma kwa chuki zangu zote.

KRRRRRRRR.

Geti likafunguka hapo hapo. "Mbona umechelewa, baba?" Na ng'ambo ya pili jirani akafungua dirisha, kajifunga shuka, akaita:

"Mwalimu! Leo mnasaga mpaka saa ngapi?"