Ufunguo haujafa, tunauziwa tu mpya

Kitufe cha kufungulia mlango kikigoma, wenye magari wengi huenda moja kwa moja kwa wakala wa kampuni. Huko huambiwa ufunguo umekufa, agiza mwingine, na bei inayotajwa ingetosha kununua matairi mapya. Mimi sikubali haraka kiasi hicho. Ukiufungua ufunguo huo, aghalabu utakuta ubovu ni wa kitu kidogo sana.

Ndani yake kuna vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni rimoti, inayotumia betri kurusha mawimbi ya redio, kwa kawaida ya megahezi 315 au 433.92. Cha pili ni chipu ya imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambuliwa na gari. Chipu hiyo kwenye funguo nyingi haihitaji betri kabisa: hupata umeme wake kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi ya kuwashia gari, kisha hujibu kwa namba za siri. Ndiyo maana rimoti inaweza kuzimika kabisa na gari bado likawaka. Na ukiona milango inafunguka vizuri ila injini haikubali, huku taa ya ufunguo ikimemeta kwenye dashibodi, usihangaike na betri. Hapo mshuku chipu, au hiyo koili yenyewe.

Rimoti nayo ina magonjwa yanayojulikana. Betri, mara nyingi CR2032 ya volti 3, huisha. Vibanio vyake hulegea au kushika kutu. Swichi iliyo chini ya kitufe huachia pale ilipolehemiwa, na fundi yeyote wa simu mwenye mkono mtulivu huirudishia. Kava likipasuka hununuliwa tupu na vya ndani vikahamishwa. Lakini hapa angalia: kwenye baadhi ya funguo chipu ni kipande kidogo cheusi kilichojibana pembeni mwa kava la zamani, mbali na saketi. Wapo wanaolitupa kava hilo, halafu wanashangaa mbona gari haliwaki.

Wenye magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe nao wasikate tamaa betri ikiisha. Mara nyingi kuna ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, wa kufungulia mlango. Ukishaingia, isogeze rimoti mpaka iguse kitufe cha kuwashia, au sehemu nyingine inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu chenyewe, bila shaka, kimelala ndani ya gari lililofungwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Sehemu kubwa ya gharama haitoki kwenye plastiki. Inatoka kwenye kuprogramu, yaani kuiambia kompyuta ya gari iukubali ufunguo mpya. Watengenezaji hujitetea kwa usalama, na utetezi huo una uzito. Uingereza magari mapya yalianza kulazimishwa kuwa na imobilaiza mwaka 1998, kwa sababu wizi ulikuwa balaa. Lakini wezi wa leo hudaka mawimbi ya ufunguo ulioko ndani ya nyumba, wakayarefusha hadi garini na kuondoka nalo. Mwizi anapita, mwenye gari ndiye anayebaki akiomba ruhusa ya kulipia.

Na haiwezi kusemwa kwamba hakuna njia nyingine. Marekani kuna sajili ya NASTF, jumuiya ya sekta ya utengenezaji na ukarabati wa magari, ambako fundi wa funguo huchunguzwa historia yake, kisha hufunguliwa mlango wa kupata namba za siri kutoka kwa watengenezaji, naye hutakiwa kuthibitisha kwamba mteja ndiye mwenye gari. Usalama unabaki, na wakala anapata mshindani. Kwa nini huo usiwe utaratibu wa kawaida kila mahali?

Mpaka hapo, tengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mzima. Baadhi ya magari humruhusu mwenyewe kuongeza ufunguo akiwa na funguo mbili zinazofanya kazi. Zikipotea zote, gari huenda likavutwa, na kwenye baadhi ya aina fundi hulazimika kufungua kompyuta yenyewe ya gari. Kwa hiyo anayekuuzia gari lililotumika akikupa ufunguo mmoja tu, ulizia kwanza kwa fundi gharama ya wa pili, halafu rudi ukaikate kwenye bei. Na utakapoutengeneza, mwambie fundi afute kwenye kumbukumbu ya gari funguo zote usizozishika mkononi.