Konokono si ndoo

Nimemaliza kusikiliza mhadhara wa mtandaoni kuhusu kichocho, na konokono alipewa sentensi moja tu: eti ni chombo cha kubebea vimelea. Chombo! Kama ndoo vile. Picha yake ikapita, tukahamia kwenye vidonge.

Haya, tuizungumzie hiyo ndoo.

Kiluwiluwi cha minyoo ya kichocho kikishaanguliwa majini hakina hata siku nzima ya kuishi kisipompata konokono wa aina yake. Kikimpata, kinatoboa ngozi na kujipenyeza. Huko ndani kinapokelewa na hemosaiti, seli za ulinzi zinazozunguka kwenye damu. (Damu ya Biomphalaria, jamii mojawapo ya konokono hao, ni nyekundu, kwa kuwa ina himoglobini kama yetu, ingawa konokono wengi wengine damu yao ni ya samawati.) Seli hizo zikimtambua mvamizi zinamzingira tabaka kwa tabaka mpaka hana pa kutokea, kisha zinammiminia sumu, ikiwemo haidrojeni peroksaidi. Konokono akiwa wa ukoo sugu, siku moja au mbili zinatosha kummaliza mgeni.

Utaniambia hana kingamwili, yaani antibodi kama zetu. Ni kweli, hana. Lakini ana protini ziitwazo FREP, zilizoelezwa mwaka 1997 kwa Biomphalaria glabrata, ambazo hunasa vitu vinavyotoka mwilini mwa kimelea. Mwaka 2004 watafiti wakaonyesha kwamba jeni za protini hizo hubadilika-badilika ndani ya mwili wa konokono mmoja, hivyo hata konokono wawili wa ukoo mmoja hawalingani kwa protini hizo. Na walipoizima moja ya protini hizo, FREP3, kwenye konokono sugu, baadhi yao wakaanza kuambukizwa. Miaka yote tumefundishwa kwamba ustadi wa kuzalisha silaha za namna nyingi hivyo ni wa wenye uti wa mgongo peke yao. Nani aliwauliza konokono?

Halafu kuna kumbukumbu, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Konokono aliyekwisha kuambukizwa, akivamiwa tena na kimelea wa ukoo uleule, mara nyingi hapati maambukizi mapya. Tena habadilishi nguvu tu, anabadilisha na mbinu: mara ya kwanza anategemea seli za kuzingira, mara ya pili kazi kubwa inafanywa na viini vilivyoyeyuka kwenye damu, vinavyomuua mgeni bila hata kumzingira. Kiumbe kisicho hata na lifu nodi, zile tezi za kinga tulizo nazo sisi, kinamkumbuka adui yake! Sisi tunakiita chombo.

Ndiyo, mara nyingi anashindwa. Kimelea naye si mjinga. Anajivika viini vinavyofanana na vya mwenyeji wake ili asitambulike. Akishinda, anazaliana humo humo, na baada ya takriban mwezi konokono anaanza kumwaga maelfu ya serkaria, yaani viluwiluwi vinavyoambukiza watu, majini. Yeye mwenyewe anaishia kuwa tasa. Kuna hata walioonekana kuharakisha kutaga mayai mengi mapema, kabla ya utasa kuwafika. Sasa hapo nani mhalifu na nani mgonjwa?

Minyoo jamii ya Echinostoma nao huzilemaza hemosaiti kiasi kwamba hata konokono sugu anaweza kupatwa na kichocho. Hilo peke yake lingestahili mhadhara wake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuua konokono kumepunguza kichocho sehemu nyingi, na anayeumwa hawezi kuambiwa asubiri tumalize kustaajabu. Dawa ya watu ipo, nayo ni prazikwanteli, ila haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yaleyale. Ndiyo maana tunarudi kwa konokono kila mara, na kila mara tunarudi na niklosamidi mkononi. Sumu hiyo haichagui. Inaua samaki, inaua konokono aliyeambukizwa, na inamuua pia yule ambaye angekiua kimelea mwenyewe. Tunawafuta wote kwa pamoja, halafu wachache waliobaki wanazaliana upya bila sisi kujua kama ni sugu au dhaifu. Ukitaka kujua ni wepi wa kuwaacha, itakubidi kwanza uache kuwaona kama ndoo.