Kiwanja changu, mahame ya Bibi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukipiga vumbi kama unalipwa, nilikuwa nazunguka kwenye kiwanja changu cha Ihumwa na detekta ya metali ya kuazima, nikitafuta sarafu za zamani. Hedifoni masikioni, kijembe kiunoni. Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio wa minyaa wakitazama. Mpaka saa sita nilikuwa nimefukua vizibo vya soda 31, misumari, waya wa kufungia nondo, betri iliyooza na kipande cha bati. Sarafu, hata ya kusingizia, hakuna. Watoto wakaanza kuniita Mjerumani.

Mashine ni ya mpwa wangu, mchimbaji mdogo kule Sekenke, Iramba. Siku aliyoniachia alicheka sana. "Mjomba, hii inatafuta punje za dhahabu, wewe unaenda kuifukulia vizibo?" Alinieleza na namna inavyofanya kazi: koili inapiga mapigo ya sumaku ardhini, chochote cha metali kilichopo chini kinazaa mkondo mdogo wa umeme, sumaku ya mkondo huo inasikika kwenye koili, nawe unasikia mlio. Za kutafutia sarafu huwa na kioo kinachokupa namba, ukakisia kama ni shaba au chuma. Ya mpwa wangu haina adabu hiyo. Imetengenezwa kuvumilia udongo mwekundu wenye chuma kingi, lakini kwenye kuchagua inalia kwa kila kitu, na msumari wenye kutu inaupokea kwa furaha ileile.

Saa nane, karibu na mbuyu, nikapata mlio mpana uliotulia, unaorudi vilevile kila nikipitisha koili. Nikachimba kama shubiri moja. Ikatoka senti kumi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1942. Ni kubwa, ya shaba, ina tundu katikati. Upande mmoja pembe za ndovu zimelizunguka tundu, upande wa pili kuna taji la mfalme. Sura ya mfalme mwenyewe haipo, nadhani kwa sababu tundu lingempitia puani.

Kwa bei, usijisumbue. Senti hizi zilitolewa kwa wingi na wakusanyaji wanazo za kutosha. Ukiuza utapata labda sahani ya chipsi mayai. Lakini niliishika pale juani nikasahau kwamba sijala.

Tangu niseme habari hii kwa wenzangu wa kazini, watatu wameshaniuliza mashine inauzwa wapi. Wote wana viwanja, wote wanasema maneno yaleyale: kiwanja ni changu, nina hati, nikipata kitu nani wa kuniuliza? Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Kisheria kwanza, na nitapita haraka. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hati yako inakupa haki ya kumiliki na kutumia, miaka 33, 66 au 99. Madini yana sheria yao. Na vitu vya kale vina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979: kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu hapa nchini kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa ni cha kale, ukikigundua unatakiwa kutoa taarifa, na kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu hivyo kunahitaji kibali. Kuwa na hati hakukuondolei wajibu huo. Senti yangu ya 1942 haiguswi na mwaka huo. Hata rupia za Wajerumani, zilizoanza kutolewa 1890, haziguswi. Kwa hiyo mtu anayepitisha koili kwenye ua wake na kuokota sarafu za wakoloni hajavunja kitu, akifukia mashimo yake na kutoyagusa makaburi. Narudia makaburi, maana ya zamani huku hayana sementi wala msalaba. Ukiona mawe yamepangwa na huelewi yamepangiwa nini, zima mashine.

Kinachonisumbua zaidi kuliko sheria ni mali ya Mjerumani.

Hakuna mtu wa Dodoma au Singida ambaye hajaisikia. Kwamba Wajerumani walipokimbia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia walizika masanduku ya dhahabu, alama ni mti fulani, jiwe fulani, ramani iko kwa mzee fulani. Kilimatinde palikuwa na boma lao, basi kila shina la mti Kilimatinde lina mashaka. Kondoa walipigana Mei 1916 na jeshi la van Deventer kutoka Afrika Kusini, basi kila mlima wa Kondoa una siri. Dodoma ilipotekwa mwisho wa Julai mwaka huohuo, eti treni ya mwisho ilipungua uzito njiani. Ndugu yangu mmoja wa Manyoni alitoa mbuzi wawili na pesa za "kufungulia ardhi" kwa kundi lililokuja na detekta, mganga, na karatasi iliyochomwa kingo kwa kiberiti ili ionekane ya kale. Walimwachia shimo refu kumzidi. Mvua ya kwanza ndama akatumbukia.

Na uongo huu haukai kwenye mashamba ya watu tu. Kule Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wamechimba mashimo chini ya miamba yenyewe wakitafuta hiyo dhahabu. Sakafu ya pango ambayo mtaalamu angeisoma kwa brashi, tabaka kwa tabaka, imepigwa sururu usiku. Ukimuuliza aliyechimba alipata nini, atakwambia majini yaliihamisha.

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli, na habari yake ni tamu kuliko ya masanduku. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na sarafu zimeadimika, Wajerumani walifua pesa zao Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Sarafu ndogo za dharura, heller 5 na heller 20 (heller ndiyo iliyokuwa senti ya rupia yao), zilikuwa za shaba na za mabaki ya maganda ya risasi. Halafu ikaja rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo mbele ya mlima, vipande 16,198 hivi. Dhahabu ilitoka Sekenke, hukohuko mpwa wangu anakochimba. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mababu walichimba, wakalipwa hela za maganda?" Sikuwa na jibu zuri.

Sarafu hizo zilijulikana tangu mwanzo kuwa za dhahabu, na mtu mwenye dhahabu mkononi haisahau chini ya mbuyu. Kinachosahaulika ni senti. Ndiyo maana nasema detekta kwenye ardhi ya huku haikuonyeshi Wajerumani. Inakuonyesha watu wa kawaida waliotobokewa na mfuko.

Ardhi hii imepitiwa. Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe (Tabora) na Ujiji ilikata Ugogo, na watemi wa hapa walitoza hongo ya kupita na ya maji. Siku hizo hongo lilikuwa neno la heshima, ushuru kamili wa mwenye nchi, sio hili la kufichwa chini ya faili. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na waya wa shaba, kwa hiyo ukisikia mlio ukafukua kipande cha waya mnene wa shaba kilichopindwa, usikitupe pamoja na vile vya nondo. Sarafu zilianza kuingia kila nyumba kwa lazima, kodi ya nyumba ya Wajerumani ilipoanza 1898 na mtu akatakiwa kutafuta rupia. Reli ikafika Dodoma 1910. Tangu 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100, na neno hilo hatujaliacha mpaka leo: ukisema huna hela, unasema Kijerumani. Ikaja vita, wanaume wakachukuliwa upagazi, ng'ombe na nafaka vikachukuliwa na majeshi yote mawili, mvua ikakata, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Baadaye shilingi ya Waingereza na senti zake za matundu, ndururu (senti tano) na wenzake, ambazo watu walizitunga kwenye kamba kama samaki.

Sasa nirudi kwenye neno "changu".

Kiwanja changu nilikipata baada ya kuhamia hapa kutoka Dar es Salaam serikali ilipohamia. Kilipimwa, kikapewa namba na kitalu, na kwenye ramani ni mstatili mtupu. Kwenye udongo si mtupu. Karibu na mbuyu kuna mwinuko mdogo ambao fundi wangu aliudhania kichuguu. Jirani yangu mmoja, mwenyeji, ndiye aliyeniambia, "Pale ni mahame, palikuwa na watu wakahama. Kamwone Bibi kule ng'ambo ya reli."

Nikaenda Jumapili jioni. Nikamwamkia "Mbukwenyi, Bibi," kwa lafudhi yangu mbovu ya Pwani, akacheka kabla hajaitikia. Nilipomwekea ile senti kiganjani hakuitazama kwanza. Aliipapasa tundu kwa kidole gumba.

"Umeitoa wapi, mwanangu?"

"Kwenye kiwanja, Bibi. Chini ya mbuyu."

"Kwenye tembe letu," alisema. Hakuninung'unikia, alinisahihisha tu.

Aliolewa pale. Tembe lilikuwa na vyumba vinne na zizi katikati, na hapo kwenye kichuguu cha fundi wangu ndipo paa la udongo lilipodondokea. Waliondoka mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa kwenye vijiji. Waliondoka na vilivyobebeka siku hiyo. Baadaye walirudi kulima palepale kila msimu, mpaka mji ulipofika na vigingi vya upimaji. Fidia alilipwa, na anapoitaja huguna kwanza.

Senti ile, alisema, inaweza kuwa ya mama mkwe wake, aliyekuwa akifunga pesa kwenye pindo la kaniki na kulala nayo. Inaweza isiwe. Nilimwambia ni yake, abaki nayo. Akaniuliza nitawaambia nini watu wakiona nimetoka mikono mitupu. Tukabishana kwa heshima, mwishowe akaifunga kwenye pindo la kanga yake mbele yangu.

Najua kuna atakayesema nimezidisha. Senti kumi! Lakini ndivyo ninavyoona: huku kwetu, ambako karibu kila kiwanja kipya kilikuwa shamba au mahame ya mtu aliye hai na anayekaa kilomita mbili kutoka hapo, hatua ya kwanza ya kutafuta sarafu ni kuuliza palikuwa pa nani. Uliza kabla ya kuwasha mashine. Ukikuta mwenyewe, mwite aje, mpe kiti na chai, mwache akuonyeshe mlango ulikuwa wapi. Mimi nilianzia kwenye vizibo, nikapoteza nusu siku nzima, wakati yupo mtu angeninyooshea kidole. Na kile kitakachotoka mkubaliane mapema, mchana kweupe, sio baada ya kuona kinang'aa. Sarafu bila mwenye kuisimulia ni bonge la shaba lenye tundu. Hata mnunuzi wa vyuma chakavu atakupimia kwa kilo.

(Kwa wenye mashamba Kongwa: kule ulipokuwa mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, jiandae kufukua boliti za matrekta mpaka uchoke. Na kwa vile Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru kutoka kusini, na Kondoa ilipiganiwa, ukikuta kitu kinachofanana na risasi kubwa au kombora usikikwangue. Weka alama, ondoka, ita polisi.)

Jumamosi iliyofuata Bibi alikuja mwenyewe, na mjukuu wake na fimbo. Alizunguka mwinuko ule taratibu akionyesha: hapa jikoni, hapa ndama, hapa alijifungulia mtoto wa kwanza. Nilimfuata nyuma na detekta. Tulipata jembe lililoliwa na kutu likabaki ulimi, kijiko, na ndururu moja. Alipochoka alikaa kwenye kivuli cha mbuyu akaitazama mashine muda mrefu.

"Hiyo inasikia na mawe?"

"Hapana, Bibi. Metali tu. Kwa nini?"

"Nililiacha jiwe langu la kusagia. Lilikuwa zito, na lori lilikuwa limejaa. Nikasema nitalirudia." Alionyesha kwa fimbo, pembeni ya mwinuko. "Lilikuwa pale pale."

Nilitazama pale. Palikuwa peupe, pamefagiwa. Mwezi wa tano fundi alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba hatuna haja ya kununua lori la pili la mawe, ameokota mengine mazuri hapahapa kiwanjani, moja lina hata kibonde katikati, na yote yametosha kumalizia msingi wa jiko.