Blanketi la Marehemu na Rangi ya Damu ya Mzee

Jamani, mimi nilijipanga. Hilo lieleweke kabla hamjaanza kunicheka. Mimi ni Mpare wa Same, na mnajua wenyewe watani wanavyotusema kwenye habari za hela. Nilipoamua kuoa sikuanza na pete, nilianza na kaunta buku. Kwaya mbili, mistari nikaipiga kwa rula. Milioni 12, na chini yake kwa wino mwekundu: HAKUNA KUONGEZA.

Na hizo milioni 12 sikuziota usingizini. Tangu 2013 nilipoanza kazi hapa Dar, kila kadi ya mchango iliyonifikia nimeiandika: jina, tarehe, kiasi. Singo elfu 50, dabo laki moja, sendofu ya mtoto wa bosi elfu 70 kwa uoga tu. Harusi 71, jumla shilingi 3,865,000. Wenzangu wanaweka benki, mimi niliweka kwenye ndoa za watu. Siku yangu ikifika, nikajisemea, natembeza kadi navuna.

Weee! Wa kwanza kumpigia ni jamaa niliyepanga naye chumba kimoja Mabibo. Mwaka 2017 nilimchangia laki nzima. Akashusha pumzi: "Kaka, ile ndoa si ilishakufa?" Nikampa pole. "Sasa hapo unanidai nini?" Anaongea kama vile nilimnunulia friji, umeme ukaliunguza. Wa pili akaahidi laki mbili kwenye grupu, watu wote wanaona, akamalizia na makopa matatu. Makopa yalifika, laki mbili hadi leo ziko njiani. Wa tatu, Mungu ambariki, alituma elfu 20. Bila ya kutolea.

Mahari nayo nilikuwa nimeiwekea mstari wake. Mchumba wangu ni wa Machame, kwa hiyo wazee wangu wakapanda huko na barua, wakarudi na orodha. Mbuzi sawa, mbege sawa, mkaja wa mama mkwe sawa. Nikafika kwenye mablanketi: la bibi, moja, la babu, moja. Nikamuuliza baba mdogo, babu yake huyu si alifariki 1998? Baba mdogo akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hata sisi tuliuliza. Wakatujibu, kwani Machame baridi imekwisha?" Nikanunua. Tena wakasema lisiwe jepesi.

Halafu ikaja kamati.

Kamati ya harusi, kwa asiyejua, ni watu 14 wanaokusaidia kubana matumizi huku wanakula supu kwa bili yako. Vikao vinane, kila Jumapili saa kumi jioni, baa moja ya Tabata. Kwenye daftari langu zima hapakuwa na mstari wa vikao! Na nimegundua jambo: aliyeahidi elfu 30, tena hajaitoa, ndiye anayesimama, anakohoa, anasema, "Mwenyekiti, huu ukumbi wa Tabata utatutia aibu." Mwenye laki tano kakaa kimya pembeni anachambua mfupa.

Tukaingia kwenye sahani. Watu 250 kwa elfu 25, hiyo ni 6,250,000, nusu ya bajeti imeshaingia tumboni. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, akagonga meza kwa kizibo: "Ndugu wajumbe, tuongeze sahani 50 za dharura." Dharura ya pilau, jamani? Milioni moja na robo! Nikanyoosha mkono, nikaambiwa bwana harusi huwa hachangii hoja.

Lakini kilichonimaliza ni rangi. Tulikwenda kwa mpambaji Sinza, mama mmoja mpole sana, kucha ndefu, kikokotoo mkononi. Akatandika vitambaa viwili mezani. Nikasema mbona vinafanana, vyote damu ya mzee. Akacheka na mchumba wangu, kile kicheko cha wanawake wawili kinachomaanisha wewe kalale. "Shemeji, hii ndiyo damu ya mzee. Hii nyingine ni bagandi." Nikavipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua. Nikavipishanisha. Nawaapia, bodaboda aliyekuwa nje nilimuuliza, akasema ni kitambaa kimoja kimekatwa. Nikarudi ndani: tofauti ya bei? Kikokotoo kikalia, tit tit tit. Laki nne. Nikamtazama mchumba wangu, akawa anakitazama kitambaa kwa macho yale aliyonitazamia mimi siku ya kwanza. Tukachukua bagandi. Yaani laki nne kwa damu ya mzee, tena mzee mwenyewe ni mimi.

Siku ya harusi siwezi kuisimulia vizuri maana nilikuwa nahesabu vichwa. Matarumbeta yalilia, mshereheshaji alimsifu mjomba asiyechanga hata senti, droni ikapita juu ya kipara cha mkwe. Ikaletwa ndafu, mbuzi mzima amechomwa, kasimama, majani mdomoni. Tukatazamana. Katika ukumbi mzima nikaona huyu ndiye pekee anayejua ninachopitia.

Jumapili iliyofuata tukaitwa kikao cha mwisho. Shangazi, mweka hazina, akavaa miwani akasoma: mapato 10,430,000, matumizi 13,915,000. "Upungufu shilingi 3,485,000, utabebwa na bwana harusi." Wajumbe wakapiga makofi. Nikajua yamekwisha, nikaanza kunyanyuka.

"Kaa kwanza, mwanangu," baba mdogo akasema. "Kamati haivunjwi midomo mikavu. Tumepanga kuku na vinywaji, kila mjumbe elfu 20." Roho ikatulia kidogo, elfu 20 ningeikopa hata kwa konda. Nikaichomoa mfukoni, nikaisogeza mezani kwa shangazi. Akaitazama, akashusha miwani puani, akamtazama mke wangu, kisha mimi.

"Baba, wewe si singo tena. Sasa hivi ni dabo."