Penseli chini ya picha

Jirani yangu wa Kamalondo, seremala wa siku nyingi, alipoiona picha niliyonunua kwa kijana mmoja mchapaji wa hapa Lubumbashi, hakuwatazama ndege waliochongwa ndani yake, bali alitazama penseli. Chini, upande wa kushoto, paliandikwa 17/40, yaani nakala ya 17 kati ya 40. "Yaya," akaniuliza, "kama kile kibao angali nacho, nani anamzuia kutoa ya 41?"

Hakuna anayemzuia, isipokuwa neno lake. Mchapaji huchonga kibao cha linoleamu, lile tandiko la sakafuni, akiacha palipoinuka pashike wino. Hupitisha rola, hulaza karatasi, hukandamiza, kisha huibandua polepole kwa kuishika pembeni. Akifikisha idadi aliyoitangaza, hukikwaruza kibao ili kisitumike tena. Hiyo 40 ni kiapo.

Watu wa mji huu hatukuzoea kiapo cha namna hiyo, ingawa kurudia picha tunakujua vizuri. Wachoraji wetu wa miaka ya 1970, akiwemo Tshibumba Kanda Matulu aliyeisimulia historia ya nchi kwa brashi, walikuwa na picha walizozichora tena na tena, kama ile ya Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, kwa kuwa kila sebule iliitaka yake. Hakuna aliyeandika namba, na hakuna aliyejiona amepunjwa.

Kwa hiyo siwaungi mkono wachapaji wanaotoa nakala tano za linoleamu ili bei ipande. Anayechora kwa sindano juu ya bamba la shaba ana udhuru, kwa maana kingo laini zinazoinuliwa na sindano na kushika wino hulala upesi chini ya mashine, na baada ya makumi machache mistari hufifia. (Shaba yetu hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa malori kila siku, lakini bamba la kuchorea sijapata kuliona dukani hapa.) Linoleamu huvumilia zaidi. John Muafangejo, aliyezaliwa kusini mwa Angola mwaka 1943 na kujifunza uchapaji katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, alichagua linoleamu, akachonga ndani ya picha maneno yake mwenyewe, kila herufi kinyumenyume ili isomeke karatasini. Mtu mwenye mengi hivyo ya kuwaambia watu angefanya nini na nakala tano? Mimi ningependa kuona 100, kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuilipa kwa awamu mbili, na kiapo kikabaki palepale.

Seremala alinitengenezea fremu nzuri ya mninga. Nilipokwenda kuichukua nilikuta ubao wa chini umeifunika ile 17/40 yote pamoja na sahihi. Nikamwomba aifungue, aikate upya, aipanue sentimita mbili. Alinung'unika, akaikata.